Nyumba Isiyo na Sakafu

Miaka ishirini na mitatu nachonga mizinga hapa Sikonge,
na nyuki hawajawahi kunirudishia kazi.
Nikajiona, kwa viumbe vya kuruka, sina la kufundishwa.

Kisha muuguzi Kalunde akanijia, khanga puani:
"Fundi Mihayo, popo wahame dari la zahanati.
Wahame, sijasema wafe.
Tangu waje, wodi ya wazazi tunasinzia bila kujipiga makofi."

Nikacheka. Popo, na nyumba!
Yule ambaye kodi ya ndege ikija huonyesha meno,
kodi ya wanyama ikija hutandaza mbawa,
leo nimjengee, tena bila kiwanja?

Sanduku la kwanza nililitengeneza kwa kiburi:
mninga mtupu, randa mpaka ubao ukateleza kama shavu la mtoto,
tumbo pana, mlango wa duara.
Nikalitundika kwenye mtundu, nyuma ya bani la tumbaku.
Wiki ya tatu nikasikia mvumo.
Nikaita watu. Nikapanda ngazi na tochi.

Walikuwa nyuki.

Mtaa mzima ulilamba asali ya aibu yangu.

La pili lilikaa tupu msimu wote wa mvua.
Ndipo nikapanda darini, mchana,
nikalala kifudifudi juu ya boriti, bati likinichoma mgongo,
nikawatazama wapangaji wenyewe.
Nafasi yote ile, wao wamejibana kwenye ufa,
tumbo kwa mgongo, kama barua ndani ya bahasha.
Mama mmoja amekumbatia kichanga,
uchi, chekundu kama karanga mbichi iliyomenywa.
Nikapima ufa kwa kiberiti:
kilicholazwa kiliingia,
kilichosimamishwa kikagoma.

Nikaanza upya, kama mwanagenzi.
Mabanzi ya mkurungu, yasiyoijua randa.
Nikayachanja kwa msumeno, mstari chini ya mstari,
maana alalaye kichwa chini anataka pa kushika,
mng'ao haumsaidii.
Vyumba vitatu vyembamba. Paa nililiziba kwa nta
ya nyuki wale wale walionicheka.
Ndani si rangi, si dawa ya mchwa.
Ubao wa nyuma nikauacha urefuke chini kama ulimi, wa kutulia.
Sakafu sikuweka:
kinachodondoka kidondoke,
anayetoka ajiachie.

Tukaupandisha ukuta wa mashariki,
kimo cha watu watatu wakisimamiana mabegani,
jua la asubuhi liuguse kwanza,
mbali na tawi analovizia bundi,
mbali na taa ya mlinzi.

Kalunde akataka tuzibe tundu la dari siku ile ile.
"Wenye vichanga hawafukuzwi," nikamwambia.
"Wasubiri wapate mbawa."
Wazazi waliokaa kwenye benchi wakaguna,
na hoja ikaishia hapo.

Tukangoja. Tukaziba. Tukangoja tena.
Watu wakauliza Mihayo kamjengea nani, upepo?
Mke wangu Nyamizi alitandika gunia chini ya ukuta, kimya,
kila asubuhi analikung'uta, halina kitu, analirudisha.

Hadi Jumanne moja akaniita kwa jina ambalo haniiti mbele za watu.
Juu ya gunia: punje saba nyeusi,
kama mchele ulioshika chini ya sufuria.
Alizikusanya zote saba akapeleka kwenye mchicha wake.

Jioni ile nikasimama na Kalunde, shingo zikiuma.
Wa kwanza akaachia.
Nikadhani anaanguka. Hewa ikamdaka.
Wa pili, wa tatu, kisha kama mtu anamwaga.
Nilifika kumi na tisa, giza likanivuruga hesabu.
Kalunde alisema thelathini. Hatujakubaliana mpaka leo.

Nyumbani kulikuwa na oda ya mizinga minne.
Nikashika randa,
nikapapasa ubao,
nikairudisha randa msumarini.